Aliyemvua Mtani Koti Msibani

Siku ya pili baada ya kumzika baba yake, Claudia alimvua mtu koti mbele ya msiba mzima, na wakati anafanya hivyo aliamini kabisa kwamba ni Mungu aliyemsimamisha.

Koti lilikuwa la marehemu. Mwalimu Alberto alilivaa miaka kumi na tisa, shuleni siku za kazi na kanisani Jumapili, mpaka viwiko vikang'aa. Asubuhi ile lilikuwa mwilini mwa Bi Mwaisha, mkaanga samaki wa Ufukoni. Alikuwa ameingia chumbani kwa wafiwa bila hodi, akatoka na koti, miwani na ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni, akaanza kuzunguka uani kwa matege kama ya marehemu, mkono mmoja nyuma mgongoni.

"Darasa, kaa chini! Wewe wa nyuma, Mmakonde, tema huyo panya! Somo la leo hesabu. Mwalimu akifa na madeni ya samaki vipande saba, mjane atalipa vingapi?"

Watu waliokuwa wamenyamaza tangu makaburini wakaangua kicheko. Mzee mmoja alilazimika kushika nguzo ya turubai.

Bi Mwaisha alikuwa Myao na Mwislamu, na alikuwa mtani wa nyumba ile ya Wamakonde Wakatoliki tangu enzi za baba zao. Yeye na ndugu zake ndio waliochimba kaburi, ndio waliokuwa wakipika na kuosha masufuria, na ndio peke yao wenye ruhusa ya kumtania marehemu kabla udongo haujakauka. Mtwara nzima inalijua hilo. Claudia naye alilijua, kama mtu anavyojua jambo ambalo hajawahi kuuliza maana yake.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ana stashahada kabatini, na kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala katika steshenari ya mjini. Alikuwa pia katibu wa vijana wa parokia. Katika jumuiya yao, kila Jumamosi asubuhi baada ya Injili kusomwa, mwenyekiti Kasiani huuliza kila mtu ni neno gani limemgusa na ataliishi vipi wiki hiyo. Wengine hukuna vichwa. Wengine hurudia alichosema jirani. Claudia alikuwa na jibu kila mara, tena jibu lililonyooka, na akina mama humtazama Mwalimu Odete, mama yake, kwa macho ya kumpongeza. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa amehudhuria semina ya vijana juu ya kuiishi imani katika maisha ya kila siku, akaandika kwenye daftari lake kwa wino mwekundu: *Kijana Mkristo haoni haya kusimama peke yake.*

Basi siku ile alikuwa akitafuta pa kusimama.

Alimtazama mama yake. Mwalimu Odete aliketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, mgongo umenyooka kama alivyokaa mbele ya walimu wake miaka yote ya ualimu mkuu. Lakini kanga ilikuwa imefunika mdomo na mabega yalikuwa yanatikisika. Claudia akaona mama yake analia kwa fedheha. Akaona baba yake, katekista, mtu wa heshima, anageuzwa kichekesho na muuza samaki. Hakuona kingine. Aliinuka, akapita katikati ya watu, akalishika koti kwenye kola.

"Vua."

Bi Mwaisha akacheka. "Ehe! Mwanafunzi kachelewa, anataka kumpiga mwalimu."

"Nimesema vua. Baba yangu si sinema. Hii ni familia ya Kikristo, mambo ya giza hatuyataki hapa. Kwa jina la Yesu, vua."

Kicheko kilikatika. Bi Mwaisha alimtazama, akatazama mkono ulioshika kola. Akavua miwani, akavua koti, akalikunja vizuri kama nguo ya kuazima, akampa kwa mikono miwili. Kisha akaita ndugu zake kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Twendeni, kina mama. Wenyewe wamesema." Wanawake sita wakainuka jikoni. Mwiko ulibaki ndani ya ugali.

Mchana ule wageni walikula ugali mbichi uliomaliziwa na wasichana wa kwaya. Vijana wa parokia walimzunguka Claudia kando ya turubai. Brian, mpiga kinanda, alimshika bega.

"Hongera sana, dada. Umesimama imara. Nimerekodi kidogo, nitaweka kwenye kundi la vijana."

Na aliweka. Zilimiminika alama za mikono iliyoungana na maneno ya kumsifu, na Claudia, Mungu amsamehe, alizisoma zote.

Wageni wa mbali waliondoka siku ya nne. Alasiri hiyo Mwalimu Odete alikuwa barazani na sahani ya muhogo ambayo hakuigusa. Hakuwa akila vizuri. Claudia aliketi karibu yake, akamwambia asihuzunike tena kwa lile jambo, limekwisha, hakuna atakayeidhihaki tena nyumba yao.

"Jambo gani?"

"Lile la Bi Mwaisha, mama. Nilikuona unalia."

Mwalimu Odete aligeuka polepole. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti, hata shuleni watoto walimwogopa kwa kunyamaza kwake.

"Nilikuwa nacheka, Claudia."

Claudia hakuelewa.

"Tangu hospitali sikuwa nimelia wala kucheka. Nilikuwa kama gogo. Yule mwanamke alipokata kona na yale matege nikamwona baba yako mzima anakuja, nikacheka. Nikasema moyoni, sasa nitalia vizuri. Halafu wewe ukasimama." Alisogeza sahani. "Nilikuita. Nilikuita mara mbili. Hukusikia, ulikuwa unasikiliza sauti yako."

Claudia alihisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Alitaka kusema kitu juu ya imani, juu ya mila, lakini kila neno lililokuja lilikuwa limetoka kwenye daftari.

"Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Mbele ya watu? Nimkanye mtoto wangu mbele ya watu, juu ya baba yake? Nilitazama chini. Na mimi nina sehemu yangu katika aibu hii."

Aibu ile ilimfuata Claudia mpaka kazini. Steshenari watu walikuja kutoa nakala za vyeti na za hati za mashamba ya mikorosho, wakamtazama kidogo zaidi ya ilivyopasa. Mama mmoja wa Mikindani aliyekuja kuchapishiwa barua alimuuliza kwa upole kabisa, "Samahani binti, ni wewe uliyemfukuza mtani?" Claudia akasema ndiyo. Yule mama akaitikia "Ahaa," akalipa, akaondoka. Claudia alitamani yule mama angemtukana tu.

Jumamosi iliyofuata Injili ikawa ile ya kuiacha sadaka yako mbele ya altare, ukaenda kwanza kupatana na ndugu yako. Kasiani alipouliza ni neno gani limemgusa nani, macho yakamgeukia Claudia kama kawaida. Safari hii machozi yalimtoka. Akasema amelipokea neno hilo na atalitenda leo hii, na akina mama wakaitikia amina kwa nguvu. Hata pale, mbele ya Mungu na ya watu, alijisikia anapendeza kidogo. Baadaye ndilo lililomchoma kuliko yote.

Alinunua kilo mbili za sukari na doti ya kanga, akaenda Ufukoni bila kumwambia mama yake. Alimkuta Bi Mwaisha nyumbani, anachagua mchele. Claudia alipiga magoti.

"Shikamoo, Bi Mwaisha."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, keti kwenye kiti. Rehana, mletee mgeni kiti."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikukosea wewe, na nilimkosea Mungu. Moyo wangu unaniuma."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ulikuwa na uchungu wa mzazi. Mama hajambo? Mpe pole yangu nyingi."

Alipokea sukari na kanga kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua, akamsindikiza mpaka njiani. Claudia alirudi nyumbani anaruka kama mtoto. Alimkuta mama yake anapepeta choroko.

"Mama, nimekwenda kwa Bi Mwaisha. Amenisamehe!"

Ungo ukasimama. "Umekwenda kumwomba radhi?"

"Ndiyo. Kwa magoti."

"Alikukaribisha wapi?"

"Kwenye kiti. Alimwita mjukuu wake aniletee."

"Akakuitaje?"

"Mwanangu."

"Hakusema panya? Hakusema umekonda kama mwiko? Hakukwambia lolote juu ya hayo meno yako?"

"Hapana, mama. Alisema nami vizuri sana. Na zawadi alizipokea kwa mikono miwili."

Mwalimu Odete aliweka ungo chini. "Basi ametuacha," alisema. "Amekupokea kama mgeni."

Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha somo ambalo alipaswa kulifundisha zamani. Babu yake Claudia alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, ana mke, sufuria na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye Alberto. Kwa mwezi mzima walipokelewa na kila mtu kwa adabu, kwa pole na karibu, kama watu wa kupita. Mpaka siku moja Myao mmoja, baba yake Bi Mwaisha, alikuja akafunua sufuria lao, akauliza, "Nyie Wamawia, Wamakonde wa ng'ambo, leo mmechemsha panya wa aina gani?" na akala bila kukaribishwa. Babu alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile ndipo alipojua amefika.

"Mtani haudhiki, kwa hiyo haombwi radhi," Mwalimu Odete alisema. "Ukimwomba radhi umemwambia kwamba wewe na yeye ni watu baki. Siku ile alipoondoka alikuwa ametuwekea mlango wazi. Leo umekwenda ukaufunga kwa heshima zote, na sukari juu. Arobaini atakuja, utaona. Atakuja na buibui safi, atakaa na wageni, atakula kidogo, atashukuru. Hakuna atakayeutoa msiba ndani ya nyumba hii. Na jina la baba yako litasemwa kwa adabu, kwa adabu, mpaka lisahauliwe."

"Nilifanya kama Injili ilivyosema."

"Injili ilisema ukapatane naye. Je, ulimuuliza yeye kupatana kwake kukoje?"

Claudia alikwenda chumbani, akafungua daftari lake, akasoma kurasa mbili tatu. Kila mahali palikuwa na neno *nitasimama*, *nitashuhudia*, *nitakemea*. Hapakuwa na mahali alipoandika *nitauliza*. Alilifunga kwa sababu uso ulikuwa unamuwaka ingawa alikuwa peke yake.

Wiki tatu na ushei zilipita kabla hajapata ujasiri. Zilikuwa zimebaki tano kufika arobaini. Alitoka kwenye mazoezi ya kwaya saa kumi jioni, bado na blauzi yake nyeupe ya kwaya, akaenda moja kwa moja kibandani kwa Bi Mwaisha. Palikuwa na watu kama kumi na watano, wengine wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama na sahani. Mafuta yalikuwa yanachemka. Claudia alisimama pembeni, akapisha wateja, akapisha tena. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kusema vizuri, na sasa ulimi ulikuwa kama wa kukodi.

"Karibu, mwanangu," Bi Mwaisha alisema bila kuinua macho. "Nikufungie wangapi?"

Lile mwanangu ndilo lililomsukuma.

"Sitaki," alisema. "Sitaki samaki wako, Bi Mwaisha. Mafuta hayo... mafuta hayo ulianza kukaangia kabla ya Uhuru. Ndiyo maana Wayao mnacheza ngoma usiku kucha. Ni matumbo yanawauma."

Kijana mmoja aliacha tonge hewani. Utani wenyewe ulikuwa mbovu, na Claudia alijua hivyo kabla haujaisha kumtoka. Bi Mwaisha aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Rehana," akasema hatimaye. "Nishikie hiki kijiko. Kuna panya kaingia kibandani. Tena si panya wa shamba huyu. Huyu panya wa kanisani, kala mishumaa."

Watu wakapasuka. Bi Mwaisha alitoka nyuma ya karai, mikono kiunoni, akamzunguka Claudia kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Jamani, mnamjua huyu? Huyu ndiye aliyenivua nguo mchana kweupe! Mimi, mjane, bibi wa wajukuu wanane! Hata marehemu mume wangu alikuwa anauliza kwanza!"

Benchi moja lilitaka kuanguka kwa kicheko. Claudia alisikia machozi yakija, akayazuia, yakaja.

"Unalia? Lia. Chumvi imepungua humu. Sasa faini. Kaa hapo chini."

Alimsukumia ndoo ya samaki wabichi na kisu butu. Claudia akakaa kwenye kigoda na blauzi yake nyeupe, akaanza kuparua magamba. Yalimrukia kwenye nywele, kwenye kope, kwenye kola. Bi Mwaisha alirudi kwenye karai, akawa anaita wapita njia kwa majina waje wamwone mtumishi. Alimwigiza anavyosoma masomo kanisani, kidevu juu, kwa sauti ya puani. Alimwigiza anavyotembea. Claudia hakuwa anajua kwamba anatembea hivyo.

Ndipo Brian akapita na wenzake wawili wa kwaya. Walisimama. Walimwona katibu wao amekaa chini, magamba usoni, anatukanwa na muuza samaki, na yeye anaparua. Kisha wakaenda zao. Claudia aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia ndoo. Angeweza kuinuka. Alifikiria kuinuka. Lakini aliona kwamba hivi ndivyo Bi Mwaisha alivyosimama siku ile mbele ya watu, na koti limeshikwa kwenye kola, na yeye hakupewa hata nafasi ya kukaa.

Aliparua samaki thelathini na wawili. Alipomaliza, Bi Mwaisha alichungulia ndoo.

"Umewaua mara ya pili," alisema. "Haya, sikiliza. Sukari yenu iko kwa Rehana, chukua uirudishe, nimeshindwa kuinywa. Kanga sirudishi, imenipendeza. Na umwambie huyo mwalimu mkuu wako, siku ya arobaini nataka jogoo. Jogoo wa kienyeji, mwenye kucha. Nikikuta kuku wa kizungu naondoka na masufuria."

"Nitamwambia, Bi Mwaisha."

"Nitamwambia, Bi Mwaisha," aliigiza kwa sauti ya puani. "Ondoka, unanuka."

Alipofika nyumbani, Mwalimu Odete alimtazama magamba, akatazama mfuko wa sukari. Claudia akasema, "Anataka jogoo." Mama yake alijifunga kanga ya pili, akavaa ndala, akatoka kwenda kutafuta jogoo kwa majirani, mwanamke ambaye hakuwahi kutoka nje ya ua wake bila viatu vya kufunga.

Siku ya arobaini, baada ya misa, Bi Mwaisha na ndugu zake walikuwa wa kwanza kufika nyumbani. Walifunua masufuria yote, wakachukua paja la jogoo kabla padre hajabariki chakula, na wakamuuliza mjane kwa sauti kubwa kama ameshapata mchumba au wamtafutie Myao. Wanawake walicheka, kisha mmoja wao akaanza kulia, kisha Mwalimu Odete naye, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia tangu siku ya kwanza.

Claudia alikuwa akigawa maji kwenye meza ya vijana wa parokia. Hawakuwa wakimtazama usoni. Brian ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini.

"Dada, siku ile tulikuona. Na leo tena wanatukana hapa, wewe umenyamaza. Tuliwaambia watu umesimama kwa ajili ya imani. Sasa tuwaambie nini?"

Jagi lilikuwa zito mkononi. Claudia alijua kuna jibu zuri, la kunyooka, ambalo lingewaridhisha wote na kumrudisha mahali pake. Alilisikia linakuja. Hakulitoa.

"Waambieni nilikosea," alisema. "Nililitaja jina la Yesu ili nimdhalilishe mama wa watu, na nilikuwa sijui ninachokikataza. Mama yangu alikuwa anacheka, mimi nikaona analia. Ile video, Brian, ifute. Na kwenye kundi andika kwamba nimesema hivyo."

Hakuna aliyeitikia amina. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alitazama sahani yake. Brian alitoa simu, akaishika tu. Claudia alibaki amesimama mbele yao, uso unawaka, akisubiri mmoja wao aseme neno lolote la kumwondolea uzito.

"We panya!" Bi Mwaisha aliita kutoka jikoni. "Maji gani haya umetuletea? Umeyachota Ruvuma na mamba wake? Lete mengine!"

"Naleta," Claudia alijibu, akamwaga yale ya jagi, akaenda kuchota mengine.